Radhi Niliyomnyima Minza

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena! Na ninyi wa nyuma huko, mliokaa karibu na mlango ili muwahi shifti, apewe sifa na kwenu pia!

Mchungaji amenipa dakika kumi. Amekosea sana. Msukuma aliyekaa kimya miaka miwili, halafu unampa kipaza sauti, huyo si wa dakika kumi. Lakini nitajitahidi, na mkiona nimezidi mnikoholee.

Wengi mnanijua kwa sura tu. Mimi ndiye Baba Minza, yule mzee aliyekuwa anakaa kiti cha mwisho, anaingia wimbo wa kwanza umeshaisha na kutoka kabla ya baraka, ili asishikwe mkono na mtu. Halafu hata hicho kiti nikakiacha. Jina langu ni Mabula. Nimetoka Shinyanga, hapa Sydney nimekaa miaka kumi na sita, ninakaa Cabramatta, na kazi yangu ni godauni, kule Wetherill Park. Mke wangu Raheli mlimjua nyote kuliko mnavyonijua mimi. Alikuwa anatunza wazee wa watu kwa mikono yake, na Jumapili alikuwa anaimba sauti ya pili hapo mlipoweka spika. Alipougua alilazwa Westmead, wakamhudumia vizuri, siwezi kumlaumu mtu, na saa yake ilipofika akaenda kwa Bwana.

Sasa nataka muelewe jinsi nyumba yetu ilivyokuwa. Tuna mtoto mmoja, Minza. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu anajibu Kiingereza. Nikimuuliza umekula, ananiambia yeah. Nikimuuliza umekula nini, ananiambia food. Raheli ndiye aliyekuwa katikati. Mtoto akisema neno, Raheli ananigeuzia lenye upole ndani yake. Mimi nikifoka, anamgeuzia binti yake maneno ya baba mwema ambayo wala sikuyasema! Mpaka leo sijui ni mambo mangapi mazuri niliyowahi kumwambia mtoto wangu kwa mdomo wa mama yake. Raheli alipoondoka, tukabaki watu wawili, kila mtu na lugha yake, na katikati hakuna mtu.

Siku ya nne ya msiba mlikuwepo wengi wenu. Ilikuwa Julai, baridi kali, nyumba imejaa mpaka jikoni. Tunaimba, tunakunywa chai. Minza alikuwa na miaka ishirini. Akatoka chumbani, uso umevimba, akasimama katikati ya sebule, akanitazama mimi, akasema kwa sauti wote wasikie: "Dad, can they all just go home?" Yaani, hawa watu si waende kwao! Watu walioacha kazi zao! Kina mama wamesonga ugali tangu alfajiri! Ndugu zangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa bado anaendelea kusema, mdomo uko wazi, nikamkata. Nikasimama. Nikamwambia mbele yenu: "Kuanzia leo, sina radhi nawe."

Kwa vijana mliozaliwa huku, ngoja niwaeleze. Radhi ya mzazi ni ule mkono wake anaouweka nyuma yako maisha yote. Mwenye radhi ya wazazi, hata akianguka, tunasema atainuka. Aliyenyimwa radhi, hata akijenga ghorofa, tunamwangalia kwa huruma. Kwetu neno hilo halisemwi. Watu hupigana, hufukuzana, hata kushtakiana, lakini neno hilo hawaligusi. Mimi nililisema, mama yake hajamaliza wiki kaburini.

Mama Furaha wa kwaya, yule pale, Mkongo wetu, alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akaniambia: "Papa Minza, kwa jina ya Yesu, rudisha ile neno." Nikamjibu silirudishi. Maji yakimwagika hayazoleki, nikamwambia, kana kwamba ni jambo la kujisifia. Jioni ile Minza akafunga begi, akaondoka. Akaenda kukaa na wenzake upande ule mwingine wa mji, karibu na uwanja wa ndege. Nilimwona kupitia dirisha akingoja basi na begi lake. Sikutoka.

Miaka miwili, ndugu zangu! Miaka miwili sikusikia sauti ya mtoto wangu.

Upweke mnaujua, maana hapa ugenini kila mtu amewahi kuula kidogo. Lakini wangu niliupika mwenyewe. Mama Furaha alikuwa analeta sombe, kile kisamvu chao cha Kongo, kwenye vile vyombo vya aiskrimu, anagonga, anaita hodi, anaita tena. Mimi nimekaa ndani, nimepunguza sauti ya televisheni, nasubiri aondoke. Akiondoka nafungua mlango nachukua chakula. Nilikula sombe ya mtu niliyemfungia mlango, na chombo sikurudisha. Mama Furaha, nimekukosea, na vyombo vyako vyote viko kwenye buti la gari, nimevileta leo. Siku moja alisimama nje akasema na mlango, maana mimi sikuwepo kwake: "Papa Minza, kufungiaka watu mulango si muzuri. Utakufaka ndani humo na sisi tutajulia ku harufu." Nilikasirika wiki nzima. Alikuwa anasema kweli.

Na kazini je? Wenzangu wa godauni mnajua kile kifaa cha masikioni. Sauti ya mashine inakuambia nenda mstari wa kumi na mbili, chukua boksi nne. Unaisomea namba ya rafu, inakubali, inakupeleka kwingine. Saa nane kwa siku nilikuwa naongea na mashine, na jioni nikirudi naongea na nani? Ikafika mahali mashine ikiniambia asante mwisho wa zamu, nami naijibu: "Haya, tutaonana kesho." Mzee mzima! Nikajishika, nikaangalia nyuma kama kuna mtu amenisikia. Hakuna, na hilo ndilo lililoniuma.

Ofisini wakaniita. Likizo yako imelundikana miaka kumi, wakasema, lazima uichukue. Nikaogopa kweli. Miezi miwili ndani ya nyumba ile, na mashine sina? Palikuwa na mzee mmoja kazini, Inaki, anayeendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Inaki ni Mbaski. Wabaski ni watu wa kaskazini mwa Hispania, ukingoni mwa bahari, wana lugha yao isiyofanana na ya jirani yeyote. Alikuwa ananiona naja kazini na baiskeli, mvua au jua. Akaniambia, Mabula, nenda kaendeshe pwani ya kwetu. Kuna njia ya mahujaji inapita milimani juu ya bahari, inakwenda magharibi mpaka kwenye kaburi la mtume Yakobo. Kuna mishale ya njano, huwezi kupotea.

Mimi, mlokole wa maji mengi, nikahiji kwenye mifupa! Nikamwambia kaburi silitaki, ila milima naichukua. Maana sisi Shinyanga baiskeli tumezaliwa nayo. Nimebebea maziwa, nimebebea mkaa, nimebebea hata bibi harusi. Raheli mwenyewe, siku ya ndoa yetu, alikaa kwenye keria, shela limefungwa kwa kamba ya katani lisiingie kwenye spoki, naye ananipiga mgongoni nipunguze mwendo. Basi nikakata tiketi. Sikumuaga mtu. Mtu anayemkimbia Mungu hutafuta safari ndefu, na mimi nilitafuta ya kuvuka dunia.

Mji wa kuanzia unaitwa Irun. Nikakodi baiskeli, nikaenda ofisi ya mahujaji kuchukua kile kitabu kidogo cha kugongewa mihuri. Kuna fomu. Sababu ya safari yako: dini, roho, utamaduni au michezo? Nikatia alama kwenye michezo, tena kwa nguvu. Chini yake: jina la mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Hapo kalamu ikakwama. Nikapaacha. Yule bwana wa mezani akanirudishia karatasi, akagonga kidole pale palipo wazi. Nikafikiri. Nyuma yangu watu wamepanga foleni. Nikaandika namba ya godauni.

Ndugu zangu, msinionee huruma bado.

Njia ile ni nzuri, nisiwadanganye. Kuna mlima wa kwanza unaitwa Jaizkibel, umesimama wima juu ya bahari. Nilipanda nahema kama fahali wa jembe, na huko juu farasi wananitazama tu. Kuna mahali unavuka mkono wa bahari kwa mashua ndogo, wewe na baiskeli yako. Kuna barabara imebanwa kati ya mwamba na maji, wimbi likipiga linakunyunyizia uso. Kila kitu kizuri, na kila nikiona kizuri nageuka kumwonyesha mtu. Hakuna mtu. Nilikuwa nageuka hivyo mara nyingi kwa siku, mpaka shingo ikachoka.

Na baiskeli ina upweke wake kwenye njia ile, jambo ambalo Inaki hakuniambia. Wanaotembea kwa miguu wanakwenda mwendo mmoja. Waliolala pamoja leo, kesho wanakutana tena, keshokutwa wameshakuwa ndugu, wanapakana dawa ya malengelenge. Mwenye baiskeli anawapita wote. Kila jioni nilikuta nyuso mpya zilizokwisha kujuana. Nikikaa mezani wananisogezea mkate, wananitabasamia, halafu wanarudi kwenye hadithi yao.

Basi nikaanza kusikia Kiswahili. Msicheke! Siku kadhaa hujasikia lugha yako, masikio yanaitafuta yenyewe. Waendesha baiskeli wa kule wakikupita wanasalimia "Aupa!" Mimi nasikia "Apa!" Niape nini tena? Nimeshaapa vya kutosha! Naingia mjini, kila kona kuna kibao kimeandikwa kale, kumbe kwao kale ni mtaa. Nanunua mkate, kwenye mfuko wameandika gari. Nikautazama ule mkate, nikacheka peke yangu dukani mpaka muuzaji akanirudishia chenji kwa woga. Kumbe gari kwao ni ngano. Nilitaka sana kumwambia mtu jambo hilo. Mtu pekee duniani ambaye angecheka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa pamoja ni Minza.

Siku ya tatu mvua ikanikamata, ile nyembamba isiyoisha. Nikiwa nateremka mlima, gurudumu la mbele likateleza kwenye kinyesi cha ng'ombe. Naam, mimi, mtoto wa wafugaji, nimeangushwa na kinyesi cha ng'ombe Ulaya! Goti likachanika, mkono ukavimba. Nikakaa pale kando ya barabara, nikasubiri mtu apite. Hakupita mtu. Nikaiwaza ile fomu. Nikiwa nimekufa hapa, nikasema, simu italia godauni, na mashine itapokea.

Nikakokota baiskeli mpaka kijiji cha chini, kwenye nyumba ya kulala mahujaji. Mwenyeji wake ni bibi mmoja mfupi, mwenye aproni, wanamwita Maite. Akaangalia baiskeli, akanionyesha benchi nje, chini ya dari. Ndio utaratibu wao: wa miguu kwanza, wa baiskeli wangoje mpaka jioni, kikibaki kitanda wapewe. Alikuwa hajaliona goti, maana nilikuwa nimevaa koti la mvua mpaka chini, nami sikulisema. Kiburi, ndugu zangu! Nikakaa pale nimelowa, nawaona wenzangu wanafika wawiliwawili, wanakumbatiana mlangoni, wanaitana majina.

Jioni akaniita ndani. Jikoni kelele, watu wanacheka, sufuria zinagongana. Nikasema nitafute kona nikae. Nikapita kwenye korido, na pale mwisho nikaona mlango, na juu ya mlango kibao, herufi kubwa nyeusi: SALA.

Sala! Nikasimama. Nikakisoma tena, herufi moja moja. S, A, L, A. Kwanza nikadhani ni homa. Halafu nikasema hapana, hawa ni Wakatoliki, lazima wana chumba cha maombi, na Mungu amewaandikisha kwa lugha ya kwetu kwa ajili yangu! Miaka miwili nilikuwa sijaomba. Nilikuwa nasema tu yale ya kabla ya kula, kwa mazoea. Nikavua viatu. Nikafungua mlango, macho nimeinamisha kwa heshima, nikaona kiti cha kwanza, nikapiga magoti hapo hapo juu ya goti langu lililochanika, nikafumba macho, nikaanza.

Nanyi mnajua sisi tunavyoomba. Hatunong'oni!

Nilianza vibaya. Nilianza kumshtaki mtoto. Bwana, unamwona huyu binti, Bwana, alivyoniaibisha, Bwana, hajapiga simu hata mara moja. Nikaendelea hivyo, natafuta neno jingine la kumshtaki. Likaisha. Nikatafuta, nikakosa. Na hapo katikati ya sentensi mdomo wangu ukasema jambo ambalo sikulipanga. Nikasema: Bwana, nilimnyima mtoto wangu radhi kwa sababu niliona haya mbele za watu. Haya tu! Amefiwa na mama yake, nami nikawaza wageni watanionaje. Nikalia, ndugu zangu. Nililia kama ambavyo sikulia makaburini. Na maneno yakaniishia yote, likabaki jina. Minza. Minza, Minza, Minza. Kwa sauti, napiga kiti kwa mkono.

Nilipofumbua macho, niliona soksi.

Soksi zimeanikwa kwenye kamba juu ya kichwa changu, jozi kwa jozi. Mbele yangu kuna watu sita. Mmoja ameloweka miguu kwenye beseni. Mmoja ana kijiko cha supu, kimeishia njiani. Kwenye kona televisheni inaonyesha hali ya hewa. Kumbe sala, kwa Kihispania, ni sebule! Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa watu, nimekiungamia kiti, na mwenye kiti alikuwa amekihama kwa heshima, amesimama ukutani na kofia mkononi!

Hakuna aliyecheka. Nilitamani sana wacheke.

Bibi Maite alikuwa amekuja mbio kutoka jikoni, akidhani mtu amekufa. Sasa ndipo akaliona goti. Akanikalisha, akaleta maji ya moto na kitambaa, akapiga magoti yeye, akaanza kuniosha kidonda. Huku anaosha ananiuliza jambo kwa Kihispania. Akauliza tena. Palikuwa na msichana Mjerumani anayejua Kihispania na Kiingereza, basi maneno yakawa yanapita kwake. Akaniambia: "Bibi anauliza, ulikuwa unamwambia nani aseme?"

Nikasema sijamwambia mtu aseme. Nilikuwa naomba.

Wakazungumza tena. Msichana akanigeukia: "Anasema ulikuwa unalia kwa Kibaski. Ulikuwa unasema mintza, mintza. Kwa lugha yao maana yake ni sema. Kuzungumza. Anasema hajawahi kumsikia mtu akiliomba neno hilo kwa uchungu namna ile. Anataka kujua ni nani amekataa kusema nawe."

Ndugu zangu! Jina la mtoto wangu! Jina la bibi yake mzaa baba, la Kisukuma, nililompa mimi mwenyewe! Nililifungia mlango jina hilo miaka miwili, kumbe katika kijiji kile kila mtu anajua maana yake ni sema! Nikamwambia yule msichana, mwambie bibi, aliyekataa kusema ni mimi. Akamwambia. Bibi Maite hakushangaa. Akafunga kitambaa kwenye goti, akakaza fundo, akaniambia neno lile lile moja tena, safari hii akinitazama machoni: "Mintza." Halafu akaenda kuangalia supu yake.

Hapo ndipo Mungu aliponifungua. Sikuona nuru, sikusikia malaika. Nilimsikia bibi mwenye aproni.

Asubuhi, ambayo huku Sydney ilikuwa jioni, nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Basi nikamwachia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimejipanga kwa Kiingereza, nimeandika hata kwenye karatasi, lakini nikaiacha. Nikasema kwa Kiswahili: "Minza, ni baba. Radhi niliyokunyima nimekupa, yote, na ya mama yako nimekuongezea, maana aliniachia. Na mimi nakuomba radhi." Nikakata kabla sijaharibu.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Naendesha kwa goti moja, nasimama kila kilima kutazama simu. Hapo ndipo nilipojua upweke wenyewe ukoje, maana ule wa kwanza nilikuwa nao kwa hiari yangu. Nikasema, Bwana, hata asipojibu, mimi nimesema. Nilisema hivyo kwa mdomo, moyo ulikuwa unataka ajibu! Nikafika mji mkubwa wa Bilbao siku ya tatu, nikakaa kwenye benchi kando ya mto nakula mkate, simu ikalia.

Hakusema Dad. Alisema: "Baba." Halafu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruzakwaruza: "Baba, radhi ni nini?"

Hakujua! Ndugu zangu, mtoto hakujua! Usiku ule alioondoka alikwenda kulitafuta kwenye kamusi ya simu, ikamwambia radhi ni samahani, ni pole. Kwa hiyo miaka miwili alijua kwamba baba yake, mama akiwa ameshazikwa, alisimama mbele ya watu na kumwambia: sina pole nawe. Sikuhurumii. Laana yangu haikumfikia kabisa. Kilichomfikia ni kibaya zaidi. Alidhani mimi sikuona kuwa yeye naye amefiwa.

Na akanimalizia ile sentensi niliyoikata. Watu walikuwa wamerundika makoti juu ya kitanda cha mama yake, na watoto wamelazwa pale. Mto wa Raheli ulikuwa bado una harufu ya nywele zake, ile ya mafuta ya nazi. Minza alikuwa ameomba watu waende ili harufu isiishe. Ndicho alichokuwa anataka kusema. Maneno matano zaidi, na mimi sikuyangoja. Hasira hasara, wazee walisema, nami nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni!

Nililia kando ya mto ule mpaka mama mmoja akanipa leso na kwenda zake. Kaburi la mtume sikulifikia. Nikarudisha baiskeli hapo hapo Bilbao, nikapanda ndege.

Sasa sitaki niwadanganye, maana shuhuda nyingine huishia kwa kila mtu kucheka. Bado naishi peke yangu. Uwanja wa ndege hakuja kunipokea mtu. Minza alikuja nyumbani wiki ya tatu, tukala ugali na dagaa kama wageni wawili, kila mtu anamsogezea mwenzake chumvi. Aliingia chumba cha mama yake, akakaa muda mrefu, akatoka, akaosha vyombo, akaenda. Mto hauna harufu tena. Hilo siwezi kulirudisha, hata kwa maombi. Lakini kila Jumatano ananipigia. Ananiuliza nimekula. Namjibu yeah. Anacheka!

Ndugu zangu, wewe uliyenyamaza na mtu wako, huyu Mungu mwamini. Mimi nilimkimbia mpaka mwisho wa ramani, naye akatumia kibao cha sebule na jina la mama yangu. Kwako atatumia kitu kingine. Usingoje upate maneno mazuri. Hata jina tu linatosha, liseme, mengine atayashughulikia Yeye. Nani kama Yesu? Hakuna, jamani, hakuna!

Na nimesimama leo kwa sababu moja. Neno lile nililisema mbele yenu, kwa hiyo kulirudisha kwa simu hakutoshi. Kwetu lililosemwa hadharani linarudishwa hadharani. Nilimwomba Minza aje. Akasema atafikiria. Akasema akija atakaa ndani ya gari kwanza, maana mara ya mwisho kuwaona ninyi nyote pamoja ilikuwa siku ile.

Simu imetetemeka mfukoni sasa hivi nikiwa naongea. Yuko hapo nje, kwenye maegesho.

Naomba kwaya isianze. Akiingia, msimpigie vigelegele, msimzunguke, na kina mama tafadhali msimwambie amekonda. Mwambieni karibu, basi. Mchungaji, kipaza sauti hiki hapa. Ngoja nikamchukue mtoto wangu.